Kurasa za Kushoto

Gye Myong-nyo alifika kwenye ukumbi wa maonyesho nusu saa kabla ya wageni, amevaa nguo yake ya Kikorea ya rangi ya waridi aliyoivaa mara ya mwisho kwenye arusi ya mpwa wake. Ofisi ya makaburi ndiyo iliyomtaka aivae. "Kamera zitakuwepo, dada," Luo Baoshan, mkuu wa ofisi hiyo, alimwambia. "Vaa upendeze. Kesho ni siku ya wazee wetu."

Neno hilo, wazee wetu, lilimfanya asilale vizuri kwa furaha.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mjane, na kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyekuwa mshika ufunguo wa Kaburi la Mkokoteni, nje kidogo ya mji wa Ji'an. Kwa nje kaburi lile ni kilima cha udongo ambacho mgeni angekipita asigeuze shingo. Lakini ukiinama ukaingia, taa ikiwashwa, kuta zinakuwa hai: bibi mmoja anashuka kwenye mkokoteni wa fahali, kijakazi amemshikia mwavuli, na nyuma yao wawindaji wanawafukuza paa waliokwisha kuchoka kukimbia. Waliochora hayo walikuwa watu wa Koguryo, zamani mji ule ulipokuwa makao ya wafalme wao.

Ufalme huo ulikufa zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, ila mwaka ule ulikuwa umefufuka magazetini. Wasomi wa Beijing waliandika kwamba Koguryo kilikuwa kijidola cha mpakani, sehemu ya Uchina tangu hapo. Watu wa Seoul walijaa barabarani na mabango, wakilia kwamba babu zao wanaibwa mchana kweupe. Ng'ambo ya Mto Amnok, upande wa Korea Kaskazini, kulikuwa na makaburi mengine ya wafalme haohao. Katika kiangazi cha mwaka ule, 2004, Umoja wa Mataifa ukayaingiza makaburi ya pande zote mbili katika orodha ya urithi wa dunia, kila nchi na cheti chake.

Myong-nyo alikuwa Mkorea mwenye kitambulisho cha Uchina, kama maelfu ya watu wa sehemu zile, na ugomvi huo hakuutia moyoni. Wageni wakimchokoza alikuwa akicheka tu. "Wafalme wenyewe wamekwisha kufa," alikuwa akisema. "Mimi kazi yangu ni kuzuia unyevu." Alichojali yeye ni baba yake.

Mwaka 1966, Myong-nyo akiwa msichana wa miaka ishirini, vijana wenye vitambaa vyekundu mkononi walianza kuvunja kila kitu cha kale. Walivunja hekalu, walichoma vitabu vya ukoo, wakaanza kuuliza habari za makaburi. Wakati huo kaburi lilikuwa na watunzaji wawili: Gye Chang-rok, baba yake, na Luo Dehai, Mchina wa kabila la Han aliyetoka Shandong na ambaye hakuacha kulalamika juu ya kimchi, kabichi ya pilipili ya Wakorea, mpaka alipoanza kuiiba. Wazee hao wawili walijifungia kaburini siku kumi na mbili. Gye alichora watu na wanyama katika daftari moja nene, kwenye kurasa za kushoto, na pembeni akaandika kwa Kikorea rangi ya kila kitu. Luo alichora mawe, nguzo na mapambo ya dari kwenye kurasa za kulia, na vipimo vyake kwa Kichina. Walifikiri kwamba kaburi likivunjwa, daftari litabaki. Kisha wakaziba mlango kwa mawe, wakapandisha udongo, wakapanda mahindi juu yake.

Vijana walikuja. Luo Dehai alivunjwa mfupa wa bega. Gye Chang-rok alizungushwa mji mzima na ubao shingoni, akamwagiwa maji ya baridi katika mwezi wa kumi na mbili, akafa kwa kifua kabla ya majira ya kuchipua. Hakuna kati yao aliyesema kaburi liko wapi. Mahindi yakakua, yakavunwa, yakaliwa.

Daftari lilibaki na Myong-nyo. Luo Dehai mwenyewe alikataa kulichukua. "Baba yako amelilipia zaidi," alisema, na mpaka anakufa kila mwaka mpya alikuwa akija kwao na chupa ya pombe ya mtama kumsalimia mjane wa Gye. Mwanawe Baoshan, aliyecheza na Myong-nyo mtoni utotoni, alisoma, akapanda cheo, akawa mkuu wa ofisi ya makaburi. Ni yeye aliyempa Myong-nyo kazi ya ufunguo. Na ni yeye aliyekuja mwezi wa tano mwaka ule kuliazima daftari wiki mbili ili lipigwe picha kwa ajili ya maonyesho. Alilirudisha limefungwa kwa kitambaa kipya cha hariri.

Basi siku hiyo Myong-nyo aliingia ukumbini, akatembea taratibu kando ya ukuta. Picha za daftari zilikuwa zimekuzwa, kubwa kama mlango. Aliona nguzo. Aliona maua ya dari. Aliona mwandiko wa Kichina wa Mzee Luo, mzuri, ulionyooka. Akaenda mpaka mwisho wa ukuta, akarudi mpaka mwanzo, akidhani labda amepitiwa. Bibi wa mkokoteni hakuwepo. Wawindaji hawakuwepo. Hapakuwa na herufi moja ya Kikorea.

Chini ya picha ya mwisho paliandikwa: *Mtunzaji Luo Dehai aliyeokoa hazina hii ya taifa letu mwaka 1966, akisaidiwa na kibarua mmoja wa hapo kijijini.*

Hotuba zilisomwa, makofi yakapigwa. Mpiga picha akamvuta Myong-nyo mbele, akamsimamisha katikati ya wanawake wengine wawili waliovaa mavazi ya makabila. "Tabasamu, shangazi! Hivyo hivyo!" Alitabasamu. Baadaye alijichukia kwa tabasamu hilo kuliko kwa kitu kingine chochote.

Alimkamata Baoshan kwenye ngazi, wageni wakielekea kwenye karamu.

"Kibarua?" alimwuliza.

Baoshan alitazama kushoto na kulia. "Dada, usinianzie hapa."

"Baba yangu ni kibarua, kaka? Aliyekufundisha wewe kuogelea?"

"Maneno yalitoka juu. Mimi niliandika majina yote mawili, naapa. Yakarudi yamekatwa. Wakasema kwa wakati huu, jina la Kikorea pale ukutani, Seoul wataligeuza fimbo ya kutuchapia. Wewe unadhani mimi nina sauti gani?"

"Ulikuwa na sauti ya kuniambia nisije."

Baoshan alimshika kiwiko, kama mtu anayemsaidia mgonjwa, akasema kwa sauti ya chini, "Njoo ule kwanza. Kuna samaki wa mtoni." Myong-nyo alijichomoa, akashuka ngazi, akaenda nyumbani kwa miguu na nguo yake ya waridi ikiburura vumbi la njiani.

* * *

Simu ya Hyang-ran ilikuja majani yalipoanza kugeuka rangi. Hyang-ran ndiye mtoto pekee wa Myong-nyo. Alikuwa katika mwaka wake wa saba Seoul, akifanya kazi kwenye mkahawa wa supu ya mifupa ya ng'ombe. Mama yake alimweleza habari ya ukumbini mara nyingi mno, na kila mara Hyang-ran alisikiliza kimya. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa na la kusema.

"Mama, kuna profesa anakula hapa kwetu. Mtu mkubwa, anaonekana kwenye televisheni. Nimemweleza habari za babu. Mama, alilia. Mbele ya bakuli lake la supu, mtu mzima akalia."

Profesa Sok Tae-jun alifika Ji'an wiki mbili baadaye na kundi la watalii, akajitenga nalo mchana mmoja, akaja nyumbani kwa Myong-nyo na boksi la matunda ya pea. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, mwenye mikono laini na adabu nyingi. Aliinama mpaka sakafuni mbele ya picha ya marehemu Gye. Alikula kila alichowekewa, akaomba tena supu ya maharage ya soya iliyochacha, akasema tangu mama yake afe hajaonja kitu kama hicho. Alimwita Myong-nyo dada mkubwa. Kilemba cha ukoka kilikuwa hicho, lakini nani anayevishwa kilemba akakumbuka kukitazama kimesukwa kwa nini? Kwa miezi mitatu hakuna mtu aliyekuwa ametamka jina la baba yake.

Daftari lilipofunguliwa profesa alifunua kurasa kwa ncha ya kidole. Alipomfikia bibi wa mkokoteni akavua miwani.

"Dada, niazime kitu hiki miezi mitatu tu. Nitakionyesha Seoul. Watu elfu kwa elfu watamjua baba yako."

"Wote wawili," Myong-nyo alisema.

"Vipi?"

"Wawajue wote wawili. Mwanawe Mzee Luo amenifanyia ubaya, ila Mzee Luo mwenyewe hakunifanyia. Ukiandika jina la baba yangu, andika na la mwenzake. Ukionyesha ukurasa wa kushoto, onyesha na wa kulia. La sivyo, liache hapo lilipo."

Profesa aliweka mkono kifuani. "Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Myong-nyo alilifunga daftari kwa kitambaa cha hariri, akampa kwa mikono miwili, pamoja na picha moja ndogo ya baba yake.

Katikati ya majira ya baridi Baoshan alikuja mlangoni na maofisa wawili asiowajua. Hakuvua viatu. Alikuwa ameshika karatasi iliyochapwa kutoka kwenye mtandao: gazeti la Seoul, picha ya daftari ndani ya kabati la kioo, na umati umelizunguka.

"Hii nini?" aliuliza.

"Unajua ni nini. Uliliazima wewe pia."

"Mimi niliazima nikarudisha! Wewe umewapa wageni mali ya taifa. Unajua nimesimamishwa siku tatu mbele ya kamati naulizwa mimi? Miaka ishirini na sita nakulinda, Myong-nyo, watu wananiambia huyo mwanamke hafai, nasema namjua, ni kama dada yangu."

"Dada, binti wa kibarua."

Mmoja wa maofisa alinyoosha mkono. "Ufunguo, shangazi." Alisema kwa upole kabisa. Myong-nyo aliutoa kwenye msumari wake ukutani, akauweka kiganjani mwa yule ofisa, kwa sababu Baoshan alikuwa ameangalia pembeni.

Akabaki na kitu kimoja cha kujifariji: kwamba Seoul, baba yake ana jina. Profesa hakuwa amepiga simu tangu achukue daftari. Miezi mitatu ilikuwa imepita. Hyang-ran naye, akiulizwa, alisema wateja ni wengi, nitakupigia, Mama. Mwezi wa tatu, kibali cha kutembelea ndugu kilipotoka, Myong-nyo akafunga mzigo wake mdogo, akapanda treni mpaka Dalian, na kutoka Dalian akapanda meli mpaka Incheon.

Hakumwambia Hyang-ran siku ya kufika. Alitaka kwanza kuliona daftari peke yake.

Ukumbi ulikuwa wa vioo na marumaru. Picha ya baba yake ilikuwa pale mlangoni, ile aliyompa profesa, imekuzwa, na chini yake: *Gye Chang-rok, mzalendo aliyeficha roho ya taifa letu mbele ya macho ya Wachina.* Myong-nyo alisimama hapo muda mrefu, akisoma jina. Akalisoma tena. Halafu akaisoma sentensi yote, na furaha ikaanza kumtoka.

Daftari lilikuwa katikati ya ukumbi. Lilikuwa limefunguliwa kwa bibi wa mkokoteni. Juu ya ukurasa wa kulia, pale palipokuwa na nguzo na mwandiko wa Mzee Luo, palikuwa pamelazwa kadi nyeupe, imekatwa vizuri, ikafunika kila kitu.

"Binti," alimwita mhudumu, "kwa nini hapa pamefunikwa?"

Mhudumu alikuwa msichana mwenye glavu nyeupe. Alisikia lafudhi, akatabasamu tabasamu la kuwapokea wageni. "Umetoka Uchina, mama? Unaongea Kikorea vizuri sana!"

Myong-nyo alimtazama. "Hiki ndicho Kikorea alichoandikia huyo hapo," akasema, akionyesha ukurasa wa kushoto. "Ni baba yangu."

Profesa Sok aliitwa. Alikuja haraka, mikono imenyooshwa mbele, "Dada mkubwa! Ungetuambia, tungekuja kukupokea!" akamwingiza ofisini, akaagiza chai ya tangawizi. Myong-nyo hakuigusa.

"Uliapa kwa kaburi la mama yako."

"Dada, nielewe. Nilijaribu. Lakini angalia hali ilivyo huko nje. Watu wana uchungu. Nikiweka jina la Mchina katikati ya ukumbi huu, kesho watauvunja mlango. Na ile kadi ni ya kuzuia mwanga tu, unaharibu karatasi."

"Mwanga wenu unaharibu upande wa kulia tu?"

Profesa alimsogezea kikombe cha chai.

"Nipe daftari langu. Nimekuja kulichukua."

Hapo profesa alifungua droo, akatoa karatasi, akaisukuma mezani polepole. Ilikuwa hati ya kutoa zawadi. Ilisema kwamba familia ya marehemu Gye inautunuku ukumbi daftari hilo daima, bila kudai chochote. Chini palikuwa na sahihi na muhuri: Pang Hyang-ran, kwa niaba ya mama yake.

"Nilidhani unajua," alisema profesa. Na Myong-nyo alimwamini, hilo ndilo lililomuuma. Kwa mara ya kwanza mtu yule alikuwa anasema kweli.

* * *

Mkahawa ulikuwa umefungwa kwa mapumziko ya alasiri. Hyang-ran alikuwa amechuchumaa uani anasugua sufuria kubwa kuliko yeye. Alipomwona mama yake alisimama, povu likimtiririka mikononi, na kabla hata ya kusalimia akajua.

"Nani aliyekwambia?"

"Nimesoma jina lako. Mwandiko wako haujabadilika tangu shule."

Hyang-ran alijifuta mikono kwenye aproni. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mikono yake ilikuwa ya mwanamke wa hamsini. "Keti, Mama."

"Sikai."

"Basi sikiliza umesimama. Mwaka wa saba huu nafanya kazi kwa jina la mtu mwingine. Polisi akipita barabarani najificha kwenye friji la nyama. Friji, Mama! Wateja wananiita 'wewe Mchina, leta figili.' Nikasema babu yangu alikufa kwa ajili ya kaburi la Koguryo lenu hilo mnalopigia kelele, wakacheka. Yeye peke yake hakucheka. Akasema atanidhamini nipate karatasi za kuishi nchini, niwe mtu. Akasema daftari likibaki hapa moja kwa moja itakuwa rahisi."

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ile ya simu."

Hyang-ran aliinamisha kichwa.

"Alipokula kwangu. Alipoinama mbele ya babu yako. Ulijua halirudi."

"Nilijua."

"Ungeniambia, 'Mama, nimekwama,' ningelileta kwa mkono wangu. Ningelitupa mezani kwake, chukua, nipe mtoto wangu."

"Usingelitoa." Hyang-ran alinyanyua uso. "Mama, tuseme kweli. Ulilala na lile daftari chini ya mto siku baba alipokuwa hospitali anakufa. Usingelitoa."

Myong-nyo hakujua kama angelitoa. Kama angekuwa na hakika angempiga kofi, au angemkumbatia. Alibaki amesimama kwenye zege lenye maji ya sabuni, na hasira yake haikupata pa kushika.

"Karatasi umepata?" aliuliza mwisho.

"Bado. Anasema mwezi ujao. Amekuwa akisema mwezi ujao tangu mwezi wa kumi."

Wakati mwingine lingekuwa jambo la kucheka. Hakuna aliyecheka.

Siku tatu zilizobaki kabla ya meli, Myong-nyo alilala kwenye nyumba ya kulala wageni karibu na stesheni, ingawa chumba cha Hyang-ran kilikuwa na nafasi. Kila asubuhi alikata tiketi, akaingia ukumbini, akaenda kusimama kando ya kabati la kioo. Watu wakikaribia alianza.

"Chini ya hiyo kadi kuna mtu anaitwa Luo Dehai," alikuwa akisema. "Alivunjwa bega lakini hakusema. Huyu baba yangu alichora watu, yule alichora mawe. Waliziba mlango pamoja. Walipanda mahindi pamoja. Kadi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mwanga."

Wengi walimpita kama wanavyopitwa wauza peremende kwenye treni. Wengine walisikiliza kidogo wakaangaliana. Mwanafunzi mmoja wa kike aliliandika jina kwenye kiganja, akauliza linaandikwaje kwa Kichina. Siku ya pili bibi mmoja wa rika la Myong-nyo, amevaa vizuri, lulu shingoni, alimkatiza.

"Uchina wamekulipa pesa ngapi uje kusema haya?"

"Uchina wamenifukuza kazi, dada."

"Watakuwa na sababu zao," bibi akasema, na wenzake wakacheka.

Siku ya tatu mlinzi alimgusa begani. Alikuwa kijana mwenye haya, akimwita bibi, akimwomba radhi kila hatua mpaka mlangoni. Alisema ameambiwa asimruhusu tena. Myong-nyo aligeuka mara moja kuitazama picha ya baba yake. Uso ulikuwa uleule, ila alivyozungukwa na maneno yale, ilikuwa kama anamwona mzee wa watu wengine.

Hyang-ran alikuja bandarini na mfuko wa mwani uliokaushwa na dawa za magoti. Myong-nyo aliuacha mfuko juu ya benchi. Meli ilipokuwa inaondoka alimwona mwanawe bado amesimama pale, ameushika mfuko kwa mikono miwili.

Alifika Ji'an siku moja kabla ya Hansik. Siku hiyo Wakorea huenda makaburini kwa wazazi wao kung'oa magugu, na mwaka ule iliangukia siku moja na Qingming ya Wachina, kwa hiyo mlima mzima ulikuwa na watu. Gye Chang-rok na Luo Dehai walizikwa mlima mmoja, hatua arobaini kutoka mmoja hadi mwingine; Luo aliomba mwenyewe. Myong-nyo alikuwa amekwisha kumwaga pombe na kupanga tofu na samaki alipomwona Baoshan anashuka kutoka kaburini kwa baba yake, majivu ya karatasi za kuchoma yamemshika kwenye koti.

Alisimama mbali kidogo. Alikuwa amekonda.

"Nasikia ulikwenda."

"Nilikwenda."

"Huko..." Baoshan alitazama mtoni, akarudisha macho. "Huko wameliandika jina la baba yangu?"

"Wameweka kadi nyeupe juu yake. Wameandika la baba yangu tu. Kama wewe ulivyoandika la baba yako tu."

Baoshan alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepokea habari ya msiba aliokuwa akiutarajia. "Mimi niliamriwa, Myong-nyo."

"Na wao waliamriwa," alisema, akionyesha makaburi mawili. "Waliamriwa vizuri tu, kwa marungu."

Baoshan alipiga magoti, akaanza kung'oa magugu ya ubavuni mwa kaburi la Gye, upande ambao Myong-nyo hakuwa ameufikia. Myong-nyo hakumkataza wala hakumshukuru. Alipomaliza upande wake alikusanya vyombo, akamwachia samaki mmoja juu ya jiwe, kwa sababu ndivyo mama yake alivyokuwa akimfanyia baba yake Baoshan, akashuka mlima peke yake.

Ukumbi wa Ji'an haukubadilisha maandishi. Ukumbi wa Seoul nao haukuondoa kadi. Kaburi likapata mlinzi mpya, kijana kutoka Changchun mwenye sare, na Myong-nyo akaanza kusaga soya na kuuza tofu sokoni asubuhi. Wateja wakimwuliza habari za Koguryo alikuwa akiwaambia tofu ni ya leo.

Simu ililia wiki nyingi bila kupokewa. Ililia jioni, saa ileile, milio kumi, ikanyamaza. Katikati ya kiangazi, siku ya mvua kubwa, akiwa anatwanga pilipili, Myong-nyo aliinua mkono wa simu bila kujua kwa nini siku hiyo na si nyingine.

Upande wa pili sauti ilikuja kama ya mtu aliyeshtuka kufunguliwa mlango.

"Mama?" Kelele za masufuria zilisikika nyuma. "Mama, karatasi sijapata. Profesa habari yake siisikii tena. Nataka kujua kitu kimoja tu. Umenisamehe?"

Myong-nyo alitazama pilipili kwenye kinu. Angeweza kusema ndiyo. Lingekuwa neno jepesi, na la uongo. Angeweza kusema hapana.

"Umekula?" aliuliza.

"Mama, nimekuuliza..."

"Na mimi nimekuuliza. Umekula?"

"Bado," alisema Hyang-ran, na sauti ikamkatika.

"Kale kwanza."

Lakini hakukata simu, wala Hyang-ran hakukata. Wakakaa hivyo, mmoja anasikiliza mvua ya Ji'an, mwingine masufuria ya Seoul, mpaka mtu mmoja huko akapiga kelele kwamba meza namba nne inasubiri figili.